Yadi isiyo na karani: mwongozo kamili kwa dereva wa lori anayejisimamia mwenyewe

Saa kumi alfajiri, yadi moja ya Mlandizi. Geti linafunguliwa na mlinzi aliyejifunika shuka, redio yake inaongea kwa sauti ya chini, mbwa wawili wananusa tairi. Taa ya ofisi haiwaki kwa sababu ofisi yenyewe haipo. Kuna kontena kuukuu linalotumika kama stoo, ufunguo wake anao fundi, na fundi analala Kibaha. Tajiri yuko Kariakoo, mhasibu wake yuko Upanga, wakala wa forodha tunajuana kwa sauti tu. Maelekezo ya safari yaliingia jana usiku kwenye WhatsApp: "Kesho pakia. Lubumbashi." Basi.

Madereva wengi wa masafa tunafanya kazi hivi. Mwenye magari matatu au manane hawezi kumlipa karani akae yadini mwezi mzima kusubiri lori linaloingia mara mbili, na mimi simlaumu. Lakini kazi za karani hazikuondoka naye. Kuandika kilomita, kuhesabu tairi, kutunza risiti, kujua nani alichukua jeki, vyote vimehamia kwa dereva kimyakimya, bila mtu kutamka na bila nyongeza ya mshahara. Ukiziacha, siku hiyo hutaona kitu. Utaona mwezi ujao, mkibishana kwenye simu juu ya lita 80 ambazo hakuna aliyeziandika, na hapo atakayeaminiwa si wewe.

Nimeandika haya kwa kuifikiria barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma na kuendelea Zambia na Congo, kwa kuwa ndiko nilikochakaza viatu. Anayekwenda Rusumo, Kabanga au Mutukula atabadilisha majina ya vituo tu.

1. Kabla hujapokea ufunguo

Maswali ya kuuliza siku ya kwanza ni machache, na yanaulizwa kwa adabu, kabla hujawa na shida:

- Saa nane usiku gari likifa Mikumi, nani anapokea simu? Akizima simu, wa pili ni nani?
- Naweza kutumia kiasi gani bila kuomba ruhusa?
- Posho ya safari inaingia lini, kabla ya kutoka au nikiwa njiani?
- Kadi ya gari, bima na leseni za gari halisi ziko wapi, na nakala ziko wapi?
- Funguo za gari zikilala yadini, zinalala kwa nani?
- Nani anakagua gari likirudi?

Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Jibu likiwa "hakuna", jua kwamba gari litakaguliwa siku likionekana lina kasoro, na mkaguzi atakuwa amekwisha kuamua nani wa kulaumiwa.

Mkataba wa maandishi ni haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi, mahali, saa, mshahara. Matajiri wengi wa magari machache hawana hata fomu. Usigombane. Mwandikie wewe ujumbe wa heshima: "Shikamoo bosi. Kama tulivyozungumza leo tarehe fulani: mshahara kiasi hiki, posho ya safari ya Lubumbashi kiasi hiki, naanza Jumatatu, gari namba fulani. Kama nimekosea mahali naomba unirekebishe." Akijibu "sawa", umepata maandishi. Akikaa kimya, ujumbe wako bado una tarehe. Mkataba wenyewe endelea kuuomba.

2. Kupokea gari

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopigwa.

Mwaka mmoja nilipewa kichwa cha lori na tela lililokuwa limelala yadini wiki mbili. Nilikagua oili, maji, taa, nikaondoka. Niliporudi, tajiri akaniuliza tairi mbili mpya za tela zimekwenda wapi. Zilizokuwepo zilikuwa kuukuu, zimechoka. Mimi nilizikuta vile vile. Mlinzi alikuwa mgeni, wa zamani alishaondoka, dereva aliyenitangulia hapokei simu. Nilikatwa miezi mitatu. Sikuiba tairi, ila sikuwa na picha hata moja ya kuonyesha nilichokikuta.

Tangu hapo nina mzunguko wangu, wa dakika ishirini, na siugeuzi hata kama tajiri ananihimiza kwenye simu.

Naanza na dashibodi: switchi inawashwa, napiga picha ya kilomita, geji ya mafuta na taa zozote za onyo zinazowaka. Kisha nazunguka gari kutoka mlango wa dereva kwenda kulia, nikipiga picha kila pembe, kioo, bampa, taa, mikwaruzo ya zamani kwa karibu. Tairi napiga moja moja, ubavuni, namba ya kiwandani isomeke; kama tajiri amezichoma namba zake mwenyewe kwa chuma cha moto, hizo pia. Semi ya ekseli sita ina tairi 22, ukiacha spea. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo sababu wengi hawaifanyi. Betri: namba na chapa. Tangi la mafuta: mfuniko na kufuli yake. Halafu vifaa: jeki na mpini wake, spana ya tairi, turubai, minyororo, mikanda ya kufungia mzigo, pembe tatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto na tarehe yake.

Kisha naandika kwenye daftari la kurasa ngumu. Simu huzima, huibiwa, hudumbukia majini. Daftari liwe la gari, libaki kwenye gari, na lisichanwe ukurasa. Naandika tarehe, saa, kilomita, mafuta, tairi zenye kasoro, vifaa vilivyopo na visivyopo. Mlinzi anasaini kama shahidi kwamba gari limetoka saa ngapi na nani kalichukua. Mlinzi hajui mambo ya tairi na usimlazimishe kusaini asichokijua. Saa na jina la dereva vinatosha.

Picha zitumwe kwa tajiri hapo hapo, kabla gari halijapita geti. Ukizituma ukiwa Chalinze zimepoteza nusu ya thamani. Andika chini yake mstari mmoja tu: "Nimepokea gari saa 10:40 alfajiri, tela tairi ya tatu kushoto imekatika ubavuni, jeki haina mpini." Ukienda bila mpini wa jeki na hukusema, mpini umeupoteza wewe.

3. Kukagua na kuunganisha ukiwa peke yako

Yadi yenye watu, ukipiga kelele mtu atasikia. Yadi ya mlinzi mmoja aliyeko getini, na injini inaunguruma, hakuna atakayesikia. Madereva wamebanwa kati ya kichwa na tela kwa kuacha breki ya mkono haijavutwa au kwa kuunganisha hosi za upepo kwenye tela lisilozuiwa. Upepo ukiingia, breki za tela huachia, na kama ardhi ina mteremko kidogo tu, tela linatembea.

Kwa hiyo: kabari au mawe makubwa kwenye tairi za tela kwanza. Rudi nyuma taratibu mpaka pini ya tela iingie kwenye sahani ya kuunganishia iliyo nyuma ya kichwa. Vuta breki ya mkono, zima injini, ufunguo mfukoni, si kwenye switchi. Chukua tochi, uchungulie chini: meno ya sahani yawe yameibana pini sawasawa na mpini wa kufungia uwe umerudi mahali pake. Ndipo unganisha hosi na waya wa taa. Miguu ya tela ipandishe mpaka mwisho. Kisha washa, weka gia ya chini, breki ya tela imefungwa, uvute mbele kidogo. Tela likikataa kuachia, limeshika.

Kabla ya kuingia chini ya gari piga simu kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, mke, utingo aliyeko njiani, dereva mwenzako: "Naingia chini ya gari yadini. Nisipokupigia baada ya nusu saa, mpigie mlinzi namba hii." Wengine watakucheka, wacheke tu.

Breki zipime hivi. Acha injini ijaze upepo mpaka geji zitulie. Zima. Kanyaga breki uishikilie dakika moja au mbili huku ukiangalia mshale. Ukishuka kwa haraka, kuna mahali panavuja, na ukishusha kioo utasikia "fyuuu" yake. Fungua valvu za chini ya mitungi ya upepo utoe maji. Nati za tairi zikague kwa macho na kwa nyundo: kutu inayotiririka kama chozi kwenye nati ni dalili kwamba imelegea.

Gari likiwa na kasoro ya breki, usitoke. Andika ujumbe, tuma picha au rekodi ya sauti ya mvujo, subiri. Tajiri akikujibu kwa sauti, "Wewe nenda tu, utatengeneza Morogoro," mwombe aandike. Nimeona wengi wakibadilika ghafla wakiombwa kuandika.

4. Bahasha ya gari

Nunua faili la plastiki lenye zipu. Ndani yake: nakala ya kadi ya gari na ya tela, bima ya vyote viwili, leseni ya usafirishaji ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), leseni yako ya udereva ya daraja husika, pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kwa wanaovuka, ile kadi ya njano ya bima ya COMESA. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima, kwa hiyo kadi inapatikana kwa kampuni za bima hapa nyumbani.

Tarehe za kuisha muda ziandike kwenye jalada la ndani la daftari, kwa kalamu nyekundu. Ofisini kungekuwa na mtu wa kukumbusha. Huku anayekukumbusha ni trafiki wa Doma. Mwezi mmoja kabla ya tarehe, tuma ujumbe. Wiki mbili kabla, rudia. Usifute wa kwanza.

Nyaraka za mzigo ni bahasha nyingine. Mzigo wa transiti una T1, yaani hati ya forodha ya mzigo unaopita kwenda nchi nyingine, na humo kuna namba ya kontena, namba ya sili na namba za gari. Zilinganishe wewe mwenyewe na vyuma, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hupigiwa hesabu kutokana na zile zilizotangulia, kwa hiyo kosa la tarakimu moja kwenye mfumo wa forodha halipiti kirahisi. Kosa likigunduliwa ukiwa Dar ni simu moja kwa wakala. Likigunduliwa Tunduma, ni siku kadhaa za kulala kwenye foleni, ukila posho yako mwenyewe.

5. Kupakia, na mizani

Anayepakia anataka gari lijae. Anayepima anataka ekseli zitii. Katikati yao uko wewe, na yadini kwako hakuna mtu wa kuitwa kubishana.

Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima. Lakini hizo 56 si za kila gari. Ekseli ya usukani mwisho tani 8, ekseli mbili za nyuma za kichwa tani 18, ekseli tatu za tela tani 24, kwa tairi mbili mbili kila upande. Jumlisha: semi ya kawaida ya ekseli sita ni tani 50. Tairi pana za moja moja kiwango chake ni cha chini zaidi. Kuna uvumilivu wa asilimia 5 kwenye ekseli, lakini uzito wa jumla hauna uvumilivu. Kwa hiyo gari linaweza kuwa ndani ya tani 50 na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umekaa mbele mno.

Fanya hivi: jua uzito wa gari lako tupu, andika kwenye jalada la daftari. Kabla ya kupakia mwambie msimamizi wa kupakia tani unazoweza kubeba. Simama pale wakati wa kupakia. Usiende kunywa chai. Mifuko na mabamba ya shaba yaanzie mahali ulipopazoea wewe, usimwachie wa foklifti apange. Kama kuna mizani ya kulipia karibu na mahali pa kupakia, pima kabla ya kufunga turubai. Kupanga upya kabla ya turubai ni kazi ya saa mbili. Kupanga upya kwenye mzani wa Vigwaza, juani, ukitafuta vibarua, ni siku nzima.

Kila mzani, Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba, chukua tiketi, ipige picha, itume. Tiketi za safari moja zikipangwa pamoja zinasema mengi: uzito ukibadilika kati ya mzani na mzani, mzigo umehama au umeguswa, au mafuta yamepungua. Mimi tiketi za Mikese zimewahi kuniokoa dhidi ya madai ya mzigo pungufu, maana zilionyesha kwamba nilitoka na kilo zile zile nilizofika nazo.

6. Mafuta na posho

Ugomvi wa tajiri na dereva, ukichimba, chini yake utakuta mafuta.

Geji haina ukweli, na GPS inayodai kupima mafuta hupanda na kushuka gari likiwa mteremkoni. Kipimo kinachobishaniwa kidogo ni cha shingo kwa shingo. Jaza tangi mpaka shingoni siku ya kutoka, kwenye sheli mliyokubaliana. Ukirudi, jaza tena mpaka shingoni, sheli ile ile. Lita zilizoingia njiani jumlisha na za mwisho: hizo ndizo gari limekula. Tuseme umezunguka kilomita 1,900 na zimeingia lita 950. Gari linakula lita moja kwa kilomita mbili. Fanya safari tatu, kwa mzigo wa kwenda na wa kurudi, upate wastani wa gari hilo, si wa gari la jirani. Baada ya hapo mna namba ya kuongelea.

Namba hiyo itavurugika kwa mambo matatu, kwa hiyo yaandike: saa ulizokaa injini inawaka (foleni, kipoza hewa, kusukuma breki za tela lenye mvujo), njia mbadala uliyozunguka, na uzito wa mzigo. Foleni ya mpakani peke yake inaweza kula lita nyingi, na mtu aliyeko Kariakoo hawezi kuziwazia asipoambiwa siku ile ile.

Risiti ya sheli iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na iandikwe namba ya gari. Risiti za karatasi ile laini hufifia kwenye joto la kabini; piga picha siku hiyo hiyo. Pesa zote zipitie simu, hata zile ambazo ungepewa mkononi, maana ujumbe wa muamala una tarehe, saa na kiasi. Laini ya kazi itenganishe na laini ya nyumbani, vinginevyo siku ya hesabu utakuwa unaeleza ada ya mtoto katikati ya dizeli.

Faini za barabarani hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Mkubaliane mapema nani analipa nini: mwendo kasi ni wako, taa mbovu uliyoiripoti ni ya tajiri. Zile hela zisizo na risiti, kila mtu anazijua, sizifundishi. Nasema tu kwamba hazina safu kwenye daftari, na anayezitoa azihesabu kuwa zimetoka mfukoni mwake.

7. Njiani

Tuma taarifa mara tatu kwa siku hata usipoulizwa: ukiondoka, mchana, ukilala. Mahali, kilomita, hali ya gari. "Makambako, 412,380, gari zima, sili nzima, nalala." Mistari hii mifupi huzuia zile simu kumi za usiku, na kumi hizo ndizo zinazokunyima usingizi.

Usingizi ndio jambo ambalo yadi isiyo na mtu hailijali kabisa. Hakuna anayeona macho yako ukitoka. Sheria ya ajira inataja saa 9 za kazi kwa siku na 45 kwa wiki kabla ya kuanza kuhesabu saa za ziada. Kwa dereva wa masafa karibu hakuna anayezihesabu. Basi zihesabu wewe. Andika saa ya kushika usukani na saa ya kuuacha. Ukiulizwa kwa nini umelala Ilula badala ya kufika Mafinga, daftari lijibu: "nimeendesha tangu saa kumi na moja alfajiri."

Kitonga, Inyala, Mlima Nyoka, mteremko wa Iwambi: gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Breki za upepo zikichemka hakuna mhasibu wa kukusaidia. Kikomo cha gari kubwa ni kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Ndani ya hifadhi ya Mikumi fuata vibao, maana kumgonga mnyama kuna bei yake.

8. Likiharibika

Toa gari barabarani kadiri linavyokubali. Pembe tatu za tahadhari mbele na nyuma, mbali na gari, si yale majani ya miti peke yake. Utingo asimame upande wa porini, asiwe kati ya gari na barabara.

Kisha, kwa mpangilio huu: picha ya mahali, picha ya kilomita, video fupi ya tatizo, utume na eneo ulipo kwa ramani ya simu. Mpigie tajiri baada ya kutuma, si kabla. Akiona kwanza, maswali hupungua nusu. Fundi wa njiani akija, mwache aongee na tajiri moja kwa moja kwenye simu yako, wapatane bei wenyewe, na malipo yaende kwenye namba ya fundi. Wewe usishike hizo pesa. Najua inaonekana kama kujinyima, lakini miezi sita baadaye utalala vizuri.

Spea iliyotolewa irudi yadini. Hosi iliyopasuka, bereng'i iliyoungua, ifunge kwenye mfuko, andika tarehe kwa maka peni. Fundi atataka kubaki nayo kama chuma chakavu; mkatalie kwa upole. Mwenye gari ambaye hakuwepo anahitaji kushika kitu kilichokufa ndipo aamini kwamba kilikufa.

9. Mpakani

Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kipo tangu 2019, lakini foleni bado ni foleni. Kabla hujafika Mpemba, hakikisha una namba ya wakala wa pande zote mbili na umewasikia kwa sauti zao. Nyaraka halisi usimpe mtu asiyejitambulisha na kutajwa na tajiri kwa jina. Gari lisiachwe bila mtu hata kwa kwenda kuoga. Wewe na utingo pokezaneni. Turubai na mafuta huibiwa pale kuliko mahali pengine pote nilipopita.

10. Kukabidhi mzigo na kurudi

Hati ya kupokelea mzigo isainiwe, igongwe muhuri, iandikwe tarehe na saa ya kufika pamoja na saa ya kumaliza kushusha. Kuna siku za kusubiri ambazo tajiri anaweza kumdai mwenye mzigo, na bila saa ya kufika hadai kitu. Mpokeaji akiandika "pungufu mifuko 6", usisaini chini yake bila kuandika maelezo yako: sili ilikuwa nzima, namba yake ni hii, ilikatwa na nani mbele ya nani. Sili iliyokatwa irudi nayo.

Kontena tupu lina wenyewe, na kampuni ya meli hutoza kwa siku likichelewa. Ukilirudisha, karatasi ya intachenji, yaani ya makabidhiano ya kontena, ndiyo inayofunga hesabu. Soma kabla ya kusaini: kama wameandika "limebonyea" na lilibonyea tangu ulipolichukua, picha zako za siku ya kupakia ndizo utakazozionyesha hapo dirishani.

Ukifika yadini usiku, usilale kabla ya mzunguko ule ule wa dakika ishirini. Picha, kilomita, tairi, mafuta. Mlinzi aandike saa ya kuingia. Kasoro zote zitume usiku huo, hata kama fundi atakuja Alhamisi.

11. Makato na ajali

Mwajiri hawezi kukata mshahara kwa hasara kwa kutamka tu. Sheria ile ile ya 2004 inataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyohesabiwa, apewe nafasi ya kupinga, na makato kwa ujumla yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Ningeyajua haya mwaka ule wa tairi mbili.

Mkishindwana, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kufungua shauri. Migogoro mingine siku 60. Siku hizo hupita haraka kwa mtu anayesubiri "bosi arudi safari".

Ukiumia kazini, mwajiri aripoti kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na wewe usiache miezi 12 ipite bila taarifa yako. Kwenye ajali ya barabarani chukua fomu ya polisi ya PF3 kwa matibabu na nakala ya ripoti ya polisi. Polisi 112, Zimamoto 114. Uliza pia, siku ya kawaida kabisa, kama jina lako linaonekana NSSF. Unaweza kuangalia mwenyewe kwa simu.

Mwisho, ukurasa wa daftari ukijazwa vizuri unaonekana hivi. Nimeunakili ule wa kwangu wa juzi, namba za gari nimeziondoa:

"Jumanne. Nimeingia yadini saa 3:15 usiku. Km 414,902. Mafuta: nimejaza shingoni, lita 388, risiti ipo. Tela tairi ya 5 kulia inapungua upepo, ya siku mbili sasa, nimemwambia bosi Jumatatu na leo. Hosi ya upepo ya kushoto imebadilishwa Igawa, ya zamani iko kwenye kisanduku cha vifaa. Turubai zima. Mikanda 12, ilikuwa 12. Mpini wa jeki bado haupo. Ufunguo nimempa mlinzi wa usiku, amesaini hapa chini."